Kipini cha Mama Ndani ya Kioo

Mama alivua kipini chake cha puani mwenyewe, wala sikumwomba. Nalisema hilo mapema kwa sababu dada zangu mpaka leo wananitazama kama vile nilimvua kwa nguvu, nami nimechoka kujieleza.

Nilikuwa nasomea kemia hapa hapa Bujumbura, na kazi yangu ilihitaji dhahabu kidogo sana. Chumvi ya dhahabu tuliyoagiza nje haikufika. Mwalimu wangu kila mara aliniambia nivumilie, na mimi uvumilivu sikujaliwa. Baba ni sonara wa mtaa wa Buyenzi, anashinda na dhahabu mkononi, lakini dhahabu ya dukani ni ya wateja, na kwake hiyo ni amana. Hata unga unaodondoka akipiga tupa hufagiwa, ukayeyushwa, ukarudi kwa mwenyewe. Nilijua jibu lake kabla sijauliza, nikauliza hivyo hivyo. Mama alitusikia tukibishana, akapeleka mkono puani, akaweka kipini mezani.

"Mutumie hii," alisema. "Iko yangu, apana ya mutu."

Baba alikuwa amekitengeneza kwa ajili ya harusi yao. Alikisafisha kwa moto na tindikali mpaka shaba yote iliyochanganywa humo ikatoka, akanikabidhi kipande kisichozidi punje ya mchele. Kule maabara nilikiyeyusha ndani ya tindikali kali, maji yakawa manjano. Nikayachemsha na chumvi ya ndimu, yakageuka mekundu. Machozi yalinitoka kwa furaha na kwa woga, maana wekundu ule ndio dhahabu yenyewe, ikiwa imekatika vipande vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna unga mweupe, ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukutani, ambao jua huweza kuuamsha ukatoa umeme. Ila unachagua sana. Mwanga wa kijani unaupita bure. Dhahabu ndogo namna ile inaudaka mwanga wa kijani, na ikiudaka, chembe ya umeme, yaani elektroni, inaruka kutoka kwenye dhahabu na kuingia kwenye unga, na unga unaipeleka kwenye waya. Nilipaka unga kwenye vioo, nikashikiza dhahabu juu, nikavitumbukiza majini na kuwasha taa ya kijani. Kioo baada ya kioo hakikutoa kitu, kwa sababu dhahabu ilikuwa imegandamana. Nilitukana peke yangu kwa Kirundi na Kifaransa. Kimoja tu, cha mwisho, ndicho kilichokubali.

Nilikimbia kumwambia baba. Hakuuliza habari za umeme.

"Maji ya kuoshea uliweka wapi?"

Kwake hata maji ya kunawia mikono huwekwa ndoo, hayamwagwi mpaka yatafutwe dhahabu. Nikamweleza kwamba mabaki ya vioo vilivyoharibika yaliingia kwenye pipa la maabara, pamoja na sumu za watu wengine, na gari lilishalichukua.

"Yote?"

"Yote, baba. Imebaki ya kioo kimoja."

Alizima moto wake. "Mi nilimwambia mama yako itarudi," alisema. "Dhahabu inarudi."

Nilidhani amemweleza kwamba hairudi. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kusikia dhahabu iliyokwenda kazini ikakosa kurudi, na mimi, niliyezaliwa humo, sikufikiri kulisema. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alikuwa akitia kijiti cha ufagio puani kila asubuhi. Tundu lisizibe.

Nilimpelekea kioo nyumbani, pamoja na taa na mashine ya fundi umeme ya kupimia. Alikuwa mkekani, anachagua maharage. Nikatumbukiza kioo kwenye maji niliyokuja nayo, nikawasha taa, mshale wa mashine ukapanda.

"Iko humu?"

"Iko, mama. Kidogo. Ingine imepotea."

"Na hii utaitoa?"

"Nikiitoa, kioo kinakufa. Na haitatosha hata kuonekana."

Aliutazama mshale muda mrefu. Nilitamani anigombeze.

"Inatoa tu, inatoa tu," alisema. "Yenyewe nani anaipa?"

Nikamwonyesha maji. Nikamweleza kwamba nimeyatia spiriti kidogo, na spiriti ndiyo inayoijazia dhahabu kila kinachotoka. Bila hiyo mshale unashuka mara moja.

"Kumbe yenyewe munairudishia," alisema mama.

Akachomoa kijiti puani, akakitupa kwenye makapi ya maharage, akaendelea kuchagua.