Siku Nilipowasimamisha Wakwe Kumwombea Fahali

Aibu nyingine mtu huimeza akalala, lakini hii yangu ya mtaa wa Gudele, kwa wakwe, imekataa kumezeka, kwa hivyo wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Keji, maana yeye huitia chumvi (na haihitaji, jamani, inayo ya kutosha).

Mimi ni Mkenya, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Juba, na Keji ndiye msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake ni mwalimu mstaafu, kila mtu humwita Ustaz, alikulia ukimbizini Uganda na anapenda Kiingereza cha zamani, kile cha "thou" na "thee" badala ya "you", kama wengine wanavyopenda mpira. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, Keji alinionya mlangoni: "Baba husamehe ujinga. Uongo hasamehi. Mchumba wa dada yangu alifukuzwa kwa uongo mmoja tu." Nikamwambia asijali, ulimi wangu naujua. (Kumbe!)

Tukakaa, wajomba na mashangazi wamejaa sebuleni, chai ikaletwa, nikasalimia vizuri, mambo yakawa matamu kabisa, ndipo Ustaz akatoa mfukoni karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Wewe iko naelewa hii Kiingereza ya zamani?"

Swali dogo tu. Ningesema hapana nikaendelea na chai yangu. Lakini kiherehere kikanipanda, nikajibu, "Tangu utotoni, Ustaz!"

"Basi soma, halafu ambia hawa watu kwa Kiswahili. Wao hapana jua Kiingereza."

Sasa, maishani mwangu "thou" nilikuwa nimeisikia mahali pamoja tu, kwenye kitabu cha sala cha nyanya yangu, akiambiwa Mungu. Kwa hivyo nilipoona karatasi imejaa "thou" na "thy" toka juu hadi chini nikajua hii ni sala, nikasimama, nikavua kofia, nikawaomba wote wasimame na wafumbe macho. Wakasimama. Hata bibi mmoja mwenye magoti mabaya aliinuliwa na watu wawili.

Nikaanza, "Ewe uliye mkuu..." Mstari wa pili ukataja pembe. Moyo ulishtuka kidogo, lakini nikakumbuka hata madhabahu kwenye Biblia ina pembe, nikasonga mbele. Ukaja mgongo mpana, nikasema huo ndio uweza wake. Penye kucheua nikaparuka kabisa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikuwa nimeshalowa mpaka masikio. Shangazi mmoja akaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa, nikapata nguvu, nikamchungulia Ustaz nikaona machozi yanamlengalenga, nikajisemea moyoni, leo nimeoa.

Kisha nikausoma kwa sauti mstari wa mwisho: wewe tulikuchinja njiani, tukala nyama yako siku tatu, kwaheri Lomude. Nikasema, "Hapa, ndugu zangu, ni meza ya Bwana."

"Lomude?" Kaka mkubwa wa Ustaz akafumbua macho. "Lomude si ile ndume ya baba yetu? Wallahi, sisi naombea ng'ombe!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko, bibi wa magoti akicheka kuliko wote huku akidai arudishwe kitini, na mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na kofia yangu. Ustaz hakucheka. Keji alikuwa ameshika shavu, haniangalii.

"Mimi nauliza wewe tena," Ustaz akasema. "Wewe iko naelewa?"

"Hapana, Ustaz. Sielewi. Nilidanganya kwa sababu namtaka Keji na niliogopa."

Akaikunja ile karatasi polepole.

"Hii 'thou' si ya Mungu peke yake. Zamani mtu alikuwa naita hivyo mtu yake ya karibu. Bibi yake. Mtoto yake. Sisi nakimbia vita, mimi mdogo, chakula hakuna, ile ndume ndio ilifikisha sisi Uganda. Sasa mimi naita yeye nani? Mister?"

Hapo machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya aibu.

"Msichana iko hapa, haendi," akasema. "Wewe kuja kila Jumamosi, soma na mimi. Siku wewe nasoma hii mpaka hawa watu nalia, macho yao iko wazi, sisi naongea harusi."

Basi kila Jumamosi natoka kwangu New Site hadi Gudele na daftari langu kama mtoto wa shule. Nimeapa neno "naelewa" halitanitoka tena kwa kiherehere. Juzi mgeni hotelini aliniuliza kama naelewa Kifaransa, nikasema hapana kabla hajamaliza swali. Na Jumamosi iliyopita nilimsoma Lomude mpaka mwisho, kaka yake Ustaz akalia mpaka akatoka nje. Mashangazi bado, lakini Keji ameshaanza kuulizia bei ya kitambaa cha gauni.