Siku Mtani Alipokamata Filimbi

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu, baridi ya Unyamwezi ile inayokaa kwenye vidole mpaka jua lipande, nimesimama uani kwetu Ntalikwa na filimbi mkononi, na mama yangu yumo ndani ya jeneza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilitakiwa kumpigia wimbo wa kumuaga, na wa kunifuata kwa kinanda alikuwa dada yangu Felista, ambaye kwa karibu mwaka mzima sikuwa nimemwambia hata "umeamkaje".

Nikueleze kwanza habari za huo wimbo, maana bila hizo hutanielewa. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na muziki ulikuwa maradhi yake. Alipotoka chuoni alirudi na filimbi ya mti, ile wanayoiita rekoda, inayopulizwa ikiwa imesimama, pamoja na kurasa za sonata moja ya kizamani ya Ulaya, ya filimbi na hapsikodi. Hapsikodi yenyewe hatukuwahi kuiona. Baba alituambia ni kinanda chenye nyuzi ndani. Ukibonyeza, kijino kidogo kinadonoa uzi kama mpiga gitaa anavyodonoa. Sisi tulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, tukapigia hicho hicho, na Tabora nzima hakutokea mtu wa kulalamika.

Sonata ile ina sehemu nne: ya taratibu, ya haraka, ya taratibu tena, halafu ya haraka ya kumalizia. Mama hakujua kusoma noti hata moja, lakini aliipenda ile ya tatu. Tukiipiga aliacha kuchambua mchicha. Alikuwa ametuusia zamani, bado ana afya yake, kwamba siku yake ikifika tumpigie hiyo na tusimpigie nyingine.

Muziki wa namna hiyo una tabia yake. Mwenye kinanda haandikiwi kila kitu. Anaandikiwa mkono wa kushoto tu, na tarakimu kidogo kando yake. Mkono wa kulia anaujaza mwenyewe, kwa kumsikiliza mwenye filimbi. Wala kuanza hawaambiani moja, mbili, tatu. Mwenye filimbi anavuta pumzi, mwenye kinanda anaisikia, wanaingia pamoja. Baba alipofariki, filimbi ikawa yangu, kinanda kikawa cha Felista, na watu wa parokia wakazoea kutuita kwenye arusi na sikukuu.

Ugomvi wetu ukiusikia utacheka. Siku moja ya mazoezi, mbele ya kwaya, nilisema Felista anapiga sehemu ya haraka kama mtu anayetwanga mihogo. Yeye akajibu kwamba mimi napuliza kama mtu anayepoza uji. Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuharibia. Wangenyamaza, pengine tungepatana kabla ya ugali wa jioni. Kila mmoja alijiona ndiye aliyeaibishwa, na kila mmoja akakaa kumngoja mwenzake aanze. Majirani walikumbuka ule usemi, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakaenda zao kulima.

Ajabu ni kwamba tuliendelea kupiga pamoja, tena vizuri. Nilikuwa nikivuta pumzi, anaingia. Pumzi hiyo ndiyo shikamoo pekee niliyompa dada yangu mwaka ule.

Kwa mambo mengine yote tulimtumia mama. Tumekaa watatu sebuleni, taa moja, mkeka mmoja, nami nasema, "Mama, mwambie Felista kesho kuna mazoezi." Mama anageuka: "Felista, mdogo wako anasema kesho kuna mazoezi." Felista naye: "Mwambie nimesikia." Mama ananigeukia: "Leonadi, dada yako amesikia." Na mimi masikio ninayo! Mama aliyafanya hayo huku anapepeta karanga zake, bila kugomba. Mara moja tu alisema, "Wanangu, mnanichosha," nasi tukadhani anasema habari za shamba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Tulimtwisha yule mama maneno yetu kila siku, kwenda na kurudi, na hatukuona kwamba amebeba kitu.

Basi mama akaugua, akalazwa hospitali ya Kitete, na hakurudi. Nyumbani msiba ukajaa watu. Mimi na Felista tukabaki kila mmoja na upande wake wa uani, na hapakuwa tena na wa kupita katikati. Mambo ya mazishi niliyasikia kwa wajomba, naye aliyasikia kwa mashangazi.

Huku kwetu mtu hazikwi bila watani. Babu zetu walikuwa wapagazi. Walitoka Tabora na mizigo kichwani, wakapita Ugogo na Uzaramo mpaka pwani, na hukohuko njiani wakafungua utani ambao hadi leo haujafungwa. Mtani ana ruhusa yake. Akikutania mbele ya jeneza hukasiriki, na ukikasirika umejivunjia heshima wewe. Mtani wetu alikuwa Bi Tatu, Mzaramo, mke wa mfanyakazi wa reli, na shoga mkubwa wa marehemu. Siku mbili nzima alikuwa amepika jikoni bila neno, jambo ambalo kwa mtani si dalili njema.

Asubuhi ile jeneza limeshatolewa uani, Felista yuko kwenye kinanda na miguu imeshaanza kukanyaga. Mimi namkazia macho padri ili nisimtazame dada. Mara Bi Tatu akatoka ndani amejifunga kanga ya mama, mtandio wa mama kichwani, na mwendo wa mama vilevile, ule wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Akaja mpaka mbele yangu. "Leonadi, dada yako anauliza uko tayari?" Kabla sijajibu akaburuta mguu kwenda kwenye kinanda. "Felista, mdogo wako anasema yuko tayari." Akarudi. "Leonadi, dada yako amesikia." Akaenda tena, akarudi tena, kila safari anaharakisha, na uani watu wanashika mbavu, mpaka akawa anahema kweli. Hapo akasimama katikati, mkono kiunoni.

"Sasa mimi nimekufa," akasema. "Nani atabeba?"

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimekesha na maiti ya mama yangu, nilikuwa nimebeba jeneza lake begani, lakini ni hapo ndipo nilipojua kwamba mama amekufa. Iliniuma mpaka nikataka kukaa chini.

Bi Tatu hakunipa nafasi. Alininyang'anya filimbi, akaitia kwapani, ndani ya kanga ya mama, akabana. "Hii siitoi," akasema. "Umwombe dada yako sauti ya kulinganishia filimbi, kwa mdomo wako mwenyewe, ndiyo uipate." Nikatia mkono mfukoni, maana mtani hutulizwa kwa chochote kitu. Akaupiga kofi mkono wangu. "Weka hela zako! Nyinyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, neno moja la dada yako linakushinda kulibeba mpaka hapo?"

Wajomba wakatazama chini. Padri, mwenyeji wa hukuhuku, alijua mambo ya watani. Akafunga kitabu chake akangoja. Mama yupo pale, amefunikwa, na wimbo aliouomba hauanzi mpaka mimi nifungue kinywa.

Nikaenda. Njiani nilitafuta maneno ya maana, ya mtu mzima, ya kueleza mambo yote tangu ile siku ya mihogo na uji. Sikupata hata moja. Nilipofika mbele ya kinanda nikasema, "Dada, shikamoo. Naomba sauti."

Felista hakuinua uso. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye vidole. "Marahaba," akasema. "Ipashe kwanza. Kuna baridi leo, itakuangusha."

Filimbi ya mti, mwanangu, ikipoa huimba chini ya sauti ya kinanda, na ukiipiga hivyo unaaibika. Mtu asiyekutakia mema angekuacha uaibike. Bi Tatu akanirudishia ile filimbi, nikaishika nikakuta imeshapata moto, wa kwapa lake na kanga ya mama. Felista akanipa sauti. Nikavuta pumzi.

Tulipiga vibaya. Mimi pumzi ilikuwa inanikatika kwa kilio, mahali ambapo hapana pa kupumulia kabisa, na kila ilipokatika Felista alishikilia pale alipo, akaningoja, akaingia nami tena. Sehemu ile fupi ikawa ndefu. Hatujawahi kupiga vibaya namna ile, na sijawahi kusikia mtu akiisema vibaya.

Felista sasa ni bibi mwenye vitukuu. Juzi mjukuu wangu alituletea kinanda cha umeme ambacho ukibonyeza kitufe kinatoa sauti ya hapsikodi, tukaisikia hatimaye, uzeeni. Felista akasema inalia kama vijiko vinavyomwagika kwenye sinia. Nikamwambia ndiyo maana imemfaa yeye. Nilimwambia mwenyewe, sikumtuma mtu.

Nyinyi siku hizi mna dawa yenu: mtu akikuudhi unamblock. Kisha jioni unampigia mama, "Mwambie huyo mwanao hivi na hivi." Simu ni mpya, lakini mama ni yuleyule na shingo yake ni ileile. Ukikosana na ndugu yako, mwanangu, usimtwishe mzazi maneno yenu, kwa sababu mzazi hatakataa kubeba. Beba mwenyewe. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyatafuta uani pale nikayakosa, na salamu ikatosha. Na akija ndugu yako na neno lake dogo, usilipime kama linatoshana na ulivyoumia. Mjibu. Mambo mengine mtayazungumza mkishamaliza kuzika, au msiyazungumze kabisa. Sisi hadi leo hatujakubaliana nani alianza.

Mungu akujalie umri, mwanangu, na ndugu wa kukorofishana nao na kupatana nao. Akujalie mtani asiyekuogopa. Na siku pumzi itakapokukatika katikati ya wimbo, akukutanishe na mtu atakayekusikiliza, akakungoja.