Toleo la Tatu Liko Simi-Simi

Watu wengine huhesabu maisha yao kwa watoto waliozaa au nyumba walizopanga. Mimi nayahesabu kwa matoleo ya programu moja ya kukata na kuunga video. Mtu akitaja Basoko, siuoni mto kwanza. Naliona toleo la pili, lile lililokuwa likizimika lenyewe kila ukiweka picha ya maua. Bafwasende ni toleo la tano, kwa kuwa huko ndiko nilikolifungua mara ya kwanza, nyuma ya duka la wanunuzi wa dhahabu, jenereta ikinguruma na mbuzi akitafuna waya wa spika.

Sikuwahi kukaa mahali pamoja. Nilipomaliza sekondari nilishika kamera, na kamera ikanibeba. Ndoa ziko kila mahali, matanga vilevile. Lakini nyumbani ni Kisangani, na ni hapa toleo la kwanza liliponikuta, kwenye CD ambayo mfanyabiashara mmoja aliileta kutoka Goma katikati ya marobota ya nguo. Lilijua kukata, kuunga, na kuandika majina ya maharusi kwa rangi ya waridi. Tulilipenda kama mtu anavyopenda baiskeli yake ya kwanza.

Toleo la tatu ndilo lililokuwa mfalme. Lilileta mioyo inayopaa, ukurasa unaogeuka, na mstari wa peke yake kwa ajili ya muziki. Sasa uliweza kuutandaza wimbo kama mkeka juu ya sherehe nzima, na sisi tukatandaza. Hotuba za wajomba, dua, vicheko vya jikoni, vyote vililala chini ya rumba. Hakuna mteja aliyelalamika. Filamu iliyoacha sauti za watu zisikike iliitwa filamu ya maskini, na mashangazi waliirudisha studio.

La nne sina la kusema juu yake. La tano liliiondoa mioyo, na akina mama wa mtaa wa Mangobo wakaniuliza nimeiuza wapi. La saba likaja na kitambaa cha kijani, kile cha kumbandikia mtu mandhari ya uongo nyuma yake, na kwa muda mrefu kila bibi harusi wa mji huu alisimama mbele ya maporomoko ya maji ya nchi za watu, wakati maporomoko yetu wenyewe yananguruma hapa hapa, safari fupi ya pikipiki. Haya ya siku hizi hayana hata namba. Ukipata intaneti kidogo, programu inajigeuza yenyewe, na kesho yake unakuta vifungo vimehama kama wapangaji.

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa Mangobo alikuja kwangu. Ndoa yake niliipiga video mimi, enzi za toleo la tatu, tukiwa bado vijana wote wawili. Sasa alikuwa mjane, na binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa Jumamosi. Katika ukoo wao, watu waliotoka Maniema zamani, baba humpa binti neno anapotoka nyumbani siku ya ndoa. Kama baba hayupo tena, mama husimama mahali pake na kurudia neno lilelile alilopewa yeye.

“Kaka,” aliniambia, “ile neno ya marehemu papa yangu, mi sikuisikia. Nilikuwa nalia, na ma tante, wale mashangazi, walikuwa wanapiga vigelegele.”

“Na filamu?”

“Filamu iko. Kinywa ya papa inacheza, lakini ni muimbaji ndiye anasema.”

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. Kwenye filamu, alisema, papa ananyoosha mkono pembeni, kisha ukurasa unageuka. Wakubwa wa familia walikuwa wamekwisha kuutafsiri mkono ule: anaonyesha barabara, maana yake nenda, usirudi, vumilia. Naye alikuwa amevumilia. Mtaa mzima ulijua alichovumilia, na mimi sitakiandika.

“Kama alisema vumilia, bon, nitamwambia mutoto wangu vumilia. Lakini nataka nimusikie yeye mwenyewe.”

Kaseti ya kamera haikuwapo. Wakati ule kaseti moja ilipita ndoa nyingi, ya wiki hii ikilala juu ya ya wiki iliyopita. Ila mimi nilikuwa na tabia ya kutunza vifurushi. Toleo la tatu liliweza kufunga picha, sauti na mikato yote ndani ya faili moja, na ni programu yenyewe tu iliyoweza kulifungua. Kifurushi cha ndoa yake nilikuwa nacho kwenye diski kuu ya zamani, kimefuatana nami mtoni na msituni. Ndani yake wimbo ulikuwa ungali kwenye mstari wake, haujachanganyika na sauti za watu. Nilikipa programu ya leo. Ikanijibu kwa adabu kwamba faili hili ni la toleo la zamani mno.

Sikuhangaika. Mtu aliyetembea anajua vitu vya zamani vinaishi wapi. Toleo la tatu liko Simi-Simi.

Huko, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, kuna tonton mmoja, yaani mjomba wa kila mtu, mpiga picha ambaye hajabadilisha kompyuta yake tangu alipoinunua. Tulipanda pikipiki, mama yule nyuma yangu, diski ameifunga ndani ya kitenge kifuani.

“Tonton, toleo la tatu ungali nalo?”

“Mimi sikubadilisha bibi, nitabadilisha programu?”

Mke wake akajibu kutoka jikoni: “Hukubadilisha kwa sababu hakuna mwingine alikukubali!”

Tonton akaipiga kompyuta kofi ubavuni. “Inajua mukono yangu,” akasema, na kweli ikawaka. Kifurushi kilifunguka bila ubishi. Mioyo yote ilikuwapo, ikipaa. Nikauzima mstari wa muziki.

Kwanza vigelegele. Kisha sufuria ikaanguka mahali, mtu akamtukana aliyeiangusha. Kisha sauti ya mzee, ya chini, isiyo na haraka:

“Mama yangu, huko unaenda, maneno ikiwa mingi, kwanza kula. Mutu wa njaa asikate maneno. Ukisha kula, kama moyo ingali inauma, rudi. Mulango ni hii. Sitaifunga.”

Mkono ukanyooka, na hapo hapo ukurasa ukageuka. Nikaushika mwisho wa kipande kile kwa kipanya, nikauvuta. Picha iliyokuwa imefichwa nyuma ya ukurasa ikatoka. Kamera yangu ilikuwa imeufuata ule mkono. Haukuelekea barabarani hata kidogo. Ulikuwa juu ya mlango wa nyumba yao, ule wa buluu, ukiugonga taratibu kwa kiganja, kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

“Rudisha,” mama yule alisema.

Nikarudisha.

“Tena.”

Nikarudisha tena. Tonton alikuwa ametazama nje, uwanjani.

“Kumbe mulango ilikuwa wazi wakati wote,” akasema mama, akijifuta macho kwa kitenge kilekile. “Miaka yote ile.”

“Tulia, mama,” tonton alisema.

“Nimetulia, tonton. Chakula iko? Tangu asubuhi sijakula.”

Mke wa tonton alileta lituma, zile ndizi zetu za kuponda, na samaki wa mchuzi. Mama akala, akamaliza, akaomba maji.

Jumamosi, nyumbani kwa ukoo, mbele ya mlango uleule wa buluu, nilisimama na kamera karibu palepale nilipokuwa nimesimama zamani. Mama alimpa binti neno, lote, kwa mpangilio wake. Mjomba mmoja akaingilia: “Alors, papa hakusema vile!”

“Nimemusikia,” alijibu, na hakumtazama.

Nilipoifungua video ile studio, programu mpya ilikuwa tayari imenichagulia wimbo, mzuri kweli, na kuutandaza toka mwanzo hadi mwisho. Niliufuta. Nilitaka pasikike pale bibi harusi anapogeuka kabla ya kuingia garini na kuuliza, kwa sauti ya kutania kidogo, “Mama, mulango ni hii?” na kiganja cha mama yake kikijibu juu ya mbao: pu, pu.