Spika ya Fundi Kompyuta wa Kisesa

Fundi kompyuta wa Kisesa ana sauti ndogo, kama mbu mwenye mafua. Ukimletea mashine, kwanza anaipuliza kama uji wa moto, ndipo anakuuliza inaumwa nini, bisibisi ikiwa bado mdomoni. Kwa sauti hiyo angetangaza nini? Ndiyo maana tangazo lake alilirekodi kwa sauti ya jirani yake Rozina, muuza dagaa, spika ikawa inapayuka barabarani kutwa. Rozina alipofariki, spika ikanyamaza. Matanga yalipokwisha, mumewe, Mzee Otuoma, akaja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimeizima. Niliona aibu kumfanyisha marehemu kazi."

"Marahaba. Mimi maisha yangu yote nimeshindwa kumnyamazisha, wewe umeweza?"

Fundi akaipuliza flashi yenye tangazo, akaichomeka. Rozina akafoka: "Leteni kompyuta zenu zilizokufa! Na wewe mwenye kofia, mbona unapita mbali kama hapa ni polisi?" Wenye kofia wote wakageuka. Mzee akavuta stuli, akakaa chini ya spika.

"Inatosha, mzee?"

"Ongeza. Nyumbani alikuwa anazidi hapo."