Fundi wa Stima Aliyepigwa Shoti na Samaki

Hii kitu huwa sipendi kuiongelea, lakini kwa vile video tayari iko kwa simu za nusu ya Nakuru, heri muisikie kutoka kwangu. Mimi ni fundi wa stima, na si wa kubahatisha, nimevuta waya nyumba nyingi za Milimani, na kwaya yetu ya kanisa ilipoenda Pwani kutembea, shida yangu ilikuwa moja tu, Chebet, mwalimu wa baiolojia anayeimba soprano, ambaye nilitaka sana anione mtu wa maana.

Asubuhi maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, tukawa tunatembea kwa mchanga, Chebet akasimama kwa kidimbwi akatuonyesha kitu kimelala chini, mviringo kama chapati, rangi ya kahawia yenye madoa, vijicho vimetokeza kidogo juu ya mchanga, na mkia mfupi mnene. Akasema ni samaki anaitwa taa wa umeme (mimi taa niliyojua ni ya kuwasha), eti stima yake hutoka pande mbili za kichwa, na hujifukia hivyo mpaka samaki mwingine apite karibu, ndipo yeye amrukie, ampige shoti, ammeze. Hata mtu akimkaribia, hatoroki.

"Usimguse," akaniambia.

Hapo ningenyamaza tu. Lakini watu walikuwa wanasikiza, mmoja tayari ananichukua video kwa simu, nikamjibu, "Mwalimu, stima ndiyo kazi yangu."

Nikatoa mfukoni testa, ile bisibisi ya kupimia stima (ndiyo, nilienda baharini na testa), nikamdunga mgongoni kidogo, testa haikuwaka, samaki hakusonga, nikawatangazia kwamba huyu laini yake imekatwa, nikamwekea kiganja chote.

Nimewahi kupigwa na stima ya nyumba, lakini hii ilipanda kutoka vidole hadi begani kama nimegongwa na nyundo, mkono ukafa ganzi, miguu ikakataa, nikakaa chini, na pahali nilipokaa ni juu ya samaki. Akanipiga tena, mara hii kwa makalio, nikapiga nduru ambayo hakuna soprano angeifikia, nikatoka mbio na suruali imelowa, nikamwangusha mke wa pasta. Samaki mwenyewe alisogea polepole, bila haraka yoyote, akajifukia mbele kidogo.

Tuliporudi Nakuru, mathe mmoja wa Milimani aliniita nimwekee soketi, akanitazama sana mlangoni, kisha akaenda akazima meni swichi yeye mwenyewe, akasimama hapo akiilinda mpaka nikamaliza.

Chebet naye aliniomba ruhusa awaonyeshe Form Three ile video. Nikakubali, ningefanya nini. Jioni nikampigia kuuliza wanafunzi walisemaje, nikamsikia anajikaza asicheke.

"Waliuliza kama samaki alipona."

Basi nimeapa. Mtu akiniambia kitu kina stima, hata kama ni kuku, sishiki.