Mita Iliyopepesa na Jina la Kazungu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Changamwe, Formeni alinikabidhi lori lisilowaka taa za nyuma, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia, akawa ananitazama tu. Sikuwa kijana. Nilikuwa na mke na watoto, na kwa miaka mingi nilikuwa nikitengeneza redio za watu barazani kwangu Kisauni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, redio za magari zilipozidi kuletwa pale kwangu, niliona heri nizifuate huko zitokako. Dereva wa lori alinieleza kwamba taa zimezimika zenyewe na hakuna aliyezigusa, nami nikaanza kubadilisha balbu. Formeni akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Umemwamini?" akaniuliza.

"Si ndiye mwenye kuliendesha?"

"Sikiza, Bwana Redio. Mwenye gari hukwambia lile limfaalo. Dereva hukwambia lile litakalomwokoa. Fyuzi haisemi kitu. Anza na huyo asiyesema."

Fyuzi, kwa asiyejua, ni kijiwaya chembamba kilichowekwa makusudi kikatike kabla nyaya kubwa hazijaungua. Niliyoichomoa ilikuwa imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nayo imekwisha kuungua, na dereva alikuwa ameanza kutazama viatu vyake. Hapo nikajua kazi hii nimeumbiwa, maana mimi tangu utotoni ni mtu wa shaka. Mke wangu husema hata chai huinusa kabla ya kuinywa. Ni kweli, na sioni ubaya wake.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia yadi ya mabasi huko Kisauni. Msimamizi wa yadi alikuwa mtu mpole aliyemwamini kila mtu, kwa hiyo tukawa tunaibiwa kila kitu. Basi lingeingia na alteneta nzima, yaani ile mashine inayochaji betri wakati injini inazunguka, likatoka na nyingine iliyochoka. Nikabuni dawa. Nilinunua rangi ya kucha nyekundu, na kila skrubu iliyofungwa mbele yangu nikaipaka tone kichwani. Ikifunguliwa, rangi hupasuka, na maneno matamu hayaiungi. Mke wangu aliikuta chupa ile mfukoni mwa suruali yangu, na wiki ile nzima mshukiwa nikawa mimi.

Katikati ya miaka ya tisini nikachukuliwa Likoni, kwenye gereji moja karibu na njia ya Shelly Beach, niwe mkuu wa umeme. Ule ndio wakati magari ya Kijapani yaliyokwisha tumika yalipokuwa yakishuka bandarini kwa wingi, na kila mwenye nafasi akitaka lake. Mita za kilomita za zamani zilikuwa na vigurudumu vyenye tarakimu, vikizungushwa na kebo iliyotoka kwenye gia. Fundi aliweza kuzifungua na kuziosha kwa mswaki. Baadhi ya magari haya mapya yalikuwa na mita za taa, tarakimu za kijani zilizowaka ndani ya kioo, na nyuma yake kibao chenye njia nyembamba za shaba. Mafundi wengi waliziogopa. Mimi niliyetoka kwenye redio sikuziogopa, ila sikuziamini.

Chini yangu alikuwepo Kazungu, mtu wa Kaloleni, fundi wa miaka thelathini na kitu, Mkristo mtulivu mwenye mikono safi kuliko kazi yake. Alisema machache. Mtu asemaye machache nami humtazama mara mbili, lakini katika muda wote ule sikuwahi kumkuta na skrubu isiyokuwa yake.

Basi Bwana Athmani, mfanyabiashara wa mtaa wa Shika Adabu anayejulikana kwa heshima zake, akatuletea gari lake jipya libadilishwe balbu ya kuangazia swichi za hewa. Kazungu akafungua upande wa kushoto wa dashibodi, akabadilisha, akafunga. Haikuchukua muda mrefu Bwana Athmani akarudi, safari hii hata salamu imemkauka. Mita ya kilomita ilikuwa inapepesa. Tarakimu zinawaka, zinazima, zinaleta vistari vitupu, kisha zinarudi.

"Mumenibadilishia mita," akasema mbele ya wateja. "Mumetoa yangu nzima mukatia mbovu. Wallahi, kuna watu feri nzima wanambia, mita ikipepesa imechezewa, kilomita zimerudishwa nyuma."

Maneno hayo ya foleni ya feri nilikuwa nimekwisha kuyasikia. Kila aliyenunua gari siku zile aliamini kwamba aliyemuuzia amemrudishia kilomita, na ilikuwa nadra kukosea kabisa. Meneja wetu, kijana wa tai aliyeogopa kelele za wateja kuliko moto, akamwita Kazungu ofisini. Akamwambia akae nyumbani mpaka jambo lijulikane, na kama halitajulikana basi wasionane tena, na polisi wataarifiwa.

Kazungu alinijia akiwa ameshika mkoba wake wa vifaa. "Bwana Mkubwa, mimi mita sikuigusa."

"Nitatazama," nikamjibu.

"Nina watoto. Nikitoka hapa kwa jina la mwizi, ni gereji gani itanichukua?"

"Nimesema nitatazama, Kazungu." Sikumwambia namwamini. Neno langu tupu lisingemfaa, alihitaji kitu cha kushikika.

Nikaanza kama nilivyofundishwa. Fyuzi nzima. Vichwa vya betri vimekaza. Alteneta inachaji sawasawa. Nikafuata waya wa ardhi, ule unaourudisha umeme wa mita kwenye bodi ya gari. Ukilegea, taa zote za dashibodi hucheza kama zina homa. Ulikuwa umekaza. Hapo nikaitazama mita yenyewe kabla ya kuigusa. Skrubu zake zilikuwa bado na lakiri ya kiwandani, ya manjano, haijapasuka hata moja. Upande wa kushoto alikofungua Kazungu palikuwa na matone yangu mekundu niliyoyapaka alipofunga, maana dawa ile nilihamia nayo Likoni, yamekaa pale pale. Nikamwita Meneja aone.

"Pengine ameifungua akapaka upya," akasema.

"Manjano hii huuzwa duka gani, Bwana Meneja?"

"Hawa watu wana njia zao." Akarudi ofisini.

Nikaifungua mimi mwenyewe. Njia za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na juu yake kuna utando wenye kunata. Nikainusa mita. Ilinukia waridi. Nikainusa tena nikijishuku pua, ikanukia waridi zaidi. Nakiri wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Bwana Athmani ana mambo yake, na mtu fulani anayejipulizia manukato bila kipimo anakaa kiti cha mbele. Nikaisafisha kwa spiriti, nikaikausha, nikairudisha. Ikatulia. Bwana Athmani alipokuja kuichukua nikamuuliza kwa adabu zote gari hilo hupandwa na nani.

"Wataka nini na wapandao gari langu?" akanikaripia. Akaondoka, na Jumamosi akarudi. Inapepesa.

Mara ile ya kwanza pia alikuja Jumamosi. Mita haijui kalenda, nikajiambia, anayeijua ni mtu. Nikaisafisha tena, na Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nikaenda Shika Adabu kwa kisingizio cha kutaka kuisikiliza injini ikiwa ya moto. Bwana Athmani hakufurahi kuniona, lakini mgeni hafukuzwi mlangoni. Nikakaribishwa barazani, gari likiwa mbele yetu, milango wazi.

Akatoka mamake, Bi Mkubwa mwenye leso mbili, mkono mmoja chetezo kinafuka udi, mkono mwingine mrashi wa fedha. Akalizunguka gari akisoma kimya kimya. Kisha akainama ndani, akaunyanyua mrashi na kuutikisa juu ya dashibodi, si mara moja wala mbili, mpaka marashi ya waridi yakatiririka na kuingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo. Chini ya matundu yale ndipo ilipokaa mita.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema. "Ni leo tu, au kila Ijumaa?"

"Marahaba, mwanangu. Kila Ijumaa. Macho ya watu, weye. Gari jipya lina hasidi wangapi mtaa huu? Jirani yule pale hajalipongeza tangu lije. Miye simuamini."

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Kumbe kuna aliyenishinda kwa shaka. Bwana Athmani alikuwa amegeuka rangi. Akanivuta kando ya ukuta.

"Fundi, tuyamalize hapa. Sema ni waya uliolegea. Mamangu ni mtu mzima, akisikia ameharibu gari la mwanawe hatalala."

"Na Kazungu atalala?"

"Kazungu atarudi kazini, ntamwambia Meneja. Jambo dogo."

"Si dogo. Umesema feri, umesema barazani, umesema mbele ya wateja. Rudi ukaseme vivyo hivyo."

"Nikamtaje mamangu mbele za watu? Astaghfirullahi."

Tulikuwa tukinong'ona, lakini mama wa Kimvita hasikii tu lile asilolitaka. Akaweka chetezo chini. "Kazungu ni nani?" akauliza. Mwanawe akasema si mtu. Akaniuliza mimi, nikamwambia ni fundi wetu, ana watoto, na amefukuzwa kwa sababu ya mita hii. Akaingia ndani, akatoka na buibui, akapanda gari na kumwambia mwanawe aendeshe.

Tulipofika gereji nilimtuma mtu akamwite Kazungu kwake. Alipofika, gereji nzima ilikuwa imesimama. Bi Mkubwa akamwendea mpaka karibu. "Mwanangu, maji yale niliyarusha miye. Weye hukugusa kitu. Nakuomba radhi, na huyu mwanangu ataomba yake." Bwana Athmani akaomba, sauti chini, macho kwenye sakafu yenye mafuta. Kazungu akasema, "Hakuna neno, mama," akachukua kitambaa, akaenda kumalizia lori aliloliacha. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Meneja alifurahi pia, kwa kuwa kelele zimekwisha. Mita haikupepesa tena, maana Bi Mkubwa alikubali kunyunyizia magurudumu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini wasemao husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wateja walioshuhudia mashtaka walikuwa wengi, walioshuhudia radhi walikuwa wachache, na radhi haina utamu wa kusimuliwa kwenye foleni ya feri. Mteja angeingia akasema, "Gari langu asiliguse yule wa mita." Ukimuuliza wa mita alifanya nini, hajui. Nilieleza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaanza kuona watu wakinitazama na mimi kwa shaka, kwamba huyu mzee anamtetea kwa nini hivi. Kazungu aliendelea kufika mapema na kuondoka mwisho, asigombane na mtu. Iliniuma sana, na hata sasa huniuma.

Nyinyi vijana munaoingia kazi hii, mutasikia watu wakisema shaka ni dhambi. Katika kazi yetu shaka ni kifaa kama testa ya kupimia umeme, na bila hiyo ningewaunguzia watu magari. Lakini testa unaigusisha kwenye waya, ukasoma, ukaiondoa. Watu wengi niliokutana nao hawaiondoi. Wanaibandika kwa mtu na kuiacha huko, na yeye aendelee kuishi nayo. Mimi niliwashuku wote: Kazungu, Bwana Athmani, Meneja, hata pua yangu. Kila mmoja nilipomaliza kumpima nilimwachia njia yake.

Nilistaafu miaka ya tisini ikiishia. Meneja wa tai alikuwa amekwisha hamishwa, na aliyekuja alikuwa mgeni kabisa Likoni, hakuwepo wakati wa mita wala hakumjua Bwana Athmani. Siku yangu ya mwisho, baada ya chai na hotuba, aliniita kando tupange makabidhiano ya stoo ya vifaa vya umeme.

"Funguo unaweza kumpa yeyote unayemwona anafaa, Mzee," akasema kwa heshima. "Isipokuwa yule Kazungu."

"Kwa nini?"

Akafikiri kweli, uso wa mtu anayetafuta jambo ambalo hajawahi kulishika. "Sijui hasa," akasema. "Nilivyofika niliambiwa."

Mafundi walikuwa wamesimama uani wakiningoja kuniaga. Nikampita Meneja, nikamwita Kazungu kwa jina lake kamili, jina la babake na la babu yake, kwa sauti iliyofika barabarani. Nikamshika mkono na kumtia funguo kiganjani mbele ya wote. Akaniuliza polepole, "Bwana Mkubwa, umewauliza kwanza kama watakubali nizishike?"