Kibao Kando ya Kaburi la Baba

Mwanangu, niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba mtaalamu wa kilimo akichomeka kibao shambani, akaandika majina mawili ya Kilatini, moja juu na jingine chini, basi la juu ni la mmea na la chini ni la mwenye shamba. Na kwamba wakishaandikwa pamoja namna hiyo, wote wawili hawamalizi mwaka.

Cheka kidogo, kisha unisikilize.

Aliyenifundisha hayo ni Ta Bonifasi, muuza rubisi, pombe ya ndizi, wetu hapa Izigo, mtu ambaye uongo wake ungejaza ziwa zima na ukabaki wa kumwagilia kahawa. "Kilatini ni lugha ya nini?" aliniuliza. Nikamwambia ni ya misa za zamani. "Misa ipi uliyowahi kukisikia?" Nikakumbuka maziko ya babu. "Basi umejijibu mwenyewe," akasema, akanijazia kibuyu.

Wakati huo mama yangu, Ma Yustina, alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki kitandani. Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila nilipompelekea uji: "Nizike kando ya baba yako, penye kivuli cha migomba. Jua limenichoma tangu nikiwa msichana. Lisinifuate na huko." Baba amelala kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani, kama wazee wetu wote, na migomba ilikuwa imemfunika hata mvua ilimfikia kwa kubisha hodi. Nikamwahidi mama. Ahadi nyepesi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Siku moja nilirudi kutoka mnadani Muleba nikakuta kibao kando ya kaburi la baba. Kokugonza, binti mtaalamu wa migomba anayefanya kazi kule Maruku, alikuwa amepita. Alikuwa ameandika kwa mkono, kwa wino mweusi, mistari miwili, na chini ya kila neno amepiga kistari. Juu: Musa acuminata. Chini: Xanthomonas vasicola.

Kusoma herufi niliweza, maana yake sikuijua. Lakini mwenye kibanja ni mama, na mama ni mgonjwa. Nilitetemeka mpaka kuku wakatoka kunitazama. Nikaking'oa. Nikatafuta vingine, nikavikuta vitano kwenye mashina mengine, nikavitia vyote mekoni vikachemsha uji wa mama.

Kabla jua halijazama Kokugonza akapiga simu. Nikaitazama ikilia. Mtu aliyeandika jina la mama yako kando ya kaburi, utaongea naye nini? Alipiga mara tatu. Sikupokea hata moja.

Kesho yake nikachukua panga nikaingia kibanjani kupogoa. Nilianza na shina lile la kando ya baba, nikaenda la pili, la tatu, mpaka nikamaliza shamba zima kwa panga lilelile, nikipiga mluzi kama mtu aliyemwokoa mama yake.

Miezi haikuwa mingi. Majani yakageuka njano na kunyong'onyea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Ukikata mgomba, unatoka usaha wa njano. Kokugonza akaja kwa pikipiki, akazunguka kibanja chote.

"Ta, vibao vyangu viko wapi?"

"Nilivichoma."

"Na simu yangu?"

"Niliiona."

Akalitazama panga mkononi mwangu. Hakunigombeza, mwanangu, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Tung'oe yote."

Tuling'oa siku nne. Mama alisikia majembe kutoka kitandani, akauliza, "Mnafanya nini huko nje?"

"Tunasafisha, mama."

"Msiguse ya kwa baba yako."

"Hatuigusi."

Alifariki kiangazi. Tulimzika kando ya baba, mahali palipo wazi kama uwanja wa mpira. Padri alitoka jasho, waombolezaji wakajifunika vitenge vichwani. Mimi nilisimama na mwavuli juu ya shimo, nikalikinga jeneza mpaka udongo ulipojaa. Hicho ndicho kivuli nilichompa.

Baadaye nilijiandikisha masomo ya jioni, Buhembe, nikiwa na mvi za kutosha kuezekea nyumba. Mwalimu akatufundisha kwamba kila chenye uhai kina jina la maneno mawili: la kwanza huanza kwa herufi kubwa, nalo ni la kundi la jamaa wa karibu, la pili kwa herufi ndogo, ni lake mwenyewe. Kitabuni huandikwa kwa herufi za mlazo, kwa mkono hupigwa kistari chini. Makundi yanayofanana hukusanywa katika familia, kama sisi tunavyohesabu nyumba mpaka kufikia ukoo. Darasa zima likaandika. Mimi nilikuwa nalitazama lile neno Musa ubaoni, na kalamu haikwenda.

Basi nakuusia: ukikuta maandishi usiyoyaelewa, usiyang'oe kabla hujamuuliza aliyeyaandika. Akikupigia simu, pokea, hata kama unaogopa atakachosema. Hasa kama unaogopa. Mwenyezi Mungu akujalie kibanja cha kijani, na wa kukuzika kivulini mwake ukiwa mzee kunishinda mimi.

Mimi nilichelewa kuuliza. Matanga yalipokwisha, nilimfuata Kokugonza mpaka kwenye pikipiki yake.

"Lile jina la chini," nikamwambia, "lilikuwa la mama?"



"Hapana, Ta. Lilikuwa la ugonjwa. Niliweka kibao ili usikate hapo, panga lisiusambaze."